Mouna Anaingia Maquis

Jumatatu, tarehe 19 mwezi wa tano

Daftari jipya. La zamani limejaa vipimo vya viuno vya watu. Hili ni la mambo makubwa.

Bado wiki mbili Mouna afanye Exetat, mtihani wa Serikali unaofunga masomo ya sekondari. Ni mtoto wangu wa kwanza, na mimi mwenyewe sijui huo mtihani ukoje. Nilisomea Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nikaishia darasa la saba, nikashika cherehani. Hapa Kalemie watu bado wanacheka Kiswahili changu. Wacheke. Suruali zao nashona mimi.

Leo asubuhi Casimir alisimama mbele ya kibanda changu na baiskeli yake ya samaki. Huyu ni jirani yetu, mtu wa Baraka. Alikuja hapa miaka kumi iliyopita na mitumbwi miwili na mdomo mmoja unaofanya kazi ya midomo minne. Alisema binti yake Précieuse amepata asilimia 78 kwenye bulletin, ripoti ya shule. Sikumwuliza. Kisha akataka kujua Mouna amepata ngapi. Nilisema bulletin iko kwa fundi wa fremu. (Mouna amepata 61.)

Akacheka. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba kwenye Exetat Mouna atapata 90. Muuza mchele akasikia. Mama wa vitenge akasikia. Casimir akasema haya, tuwekeane ahadi. Yule ambaye mtoto wake atapitwa, mwaka mzima, kila asubuhi, atavua kofia mbele ya soko lote na kumwambia mwenzake "Bonjour, Excellence", kama mheshimiwa. Tukashikana mikono. Muuza mchele akawa shahidi bila kuombwa.

Sasa lazima Mouna apate 90. Si vigumu. Kinachotakiwa ni mpango.

Jumanne, tarehe 20

Mpango wa kwanza: ratiba. Karatasi hupotea, kwa hiyo nimeishona. Kitambaa cha kaki, mita moja na nusu, herufi za uzi mwekundu, kila siku na masomo yake tangu alfajiri mpaka Isha. Kazi ya siku nzima. Nguo za Idi nikaziweka kando na wateja wakaniambia maneno.

Nikaitundika juu ya kitanda cha Mouna. Akaisoma kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, siku ya Alhamisi atafanya nini. Nikaangalia. Nimeshona Jumatano mara mbili. Alhamisi haipo.

Nikamwambia Alhamisi ni ya kupumzika. Akauliza, na Jumatano ya pili je? Mtoto huyu ana akili, nimesema siku zote.

Jumatano, tarehe 21 (ya kwanza)

Mpango wa pili: ubongo. Fundi mwenzangu ameniambia ubongo wa mwanafunzi hujengwa na vichwa vya samaki. Inaeleweka. Kichwa kwa kichwa. Nikaenda kwa Casimir nikanunua vichwa vya mikebuka, ndoo nzima, nikasema ni vya paka. Hatuna paka. Casimir anajua hatuna paka.

Mchana Mouna aliwekewa vichwa vinne. Jioni vinne. Hakugusa hata kimoja. Alisema hana njaa, akarudi kwenye daftari la hesabu, akakaa anaangalia ukurasa uleule. Zaina, mke wangu, alisema siku ya tatu hii mtoto hali, na sababu ni kwamba anaogopa.

Nimekubaliana naye. Yale macho ya samaki yanatisha kweli. Kesho nitayatoa.

Jioni nimepita kwa Casimir. Précieuse alikuwa uani na sahani ya vichwa vya samaki mbele yake, uso umemkunjamana. Casimir, mwizi wa mipango.

Alhamisi, tarehe 22 (siku isiyokuwepo)

Mama Rosalie, mke wa Casimir, amekuja kibandani na sketi ya Précieuse. Ya bluu, ya shule. Zipu imekatika. Akasema njo, yaani ndiyo, sketi yake moja tu ya maana na anaihitaji kwa mtihani. Akasema, Papa Mouna, wewe njo fundi wetu, hatuna mwingine.

Maneno matamu. Nikaichukua sketi. Nikaitazama. Zipu ni kazi ya dakika ishirini.

Nimeiweka chini kabisa ya rundo la nguo za Idi. Si ubaya. Ni foleni.

Ijumaa, tarehe 23

Nguo za Idi zingoje. Naandika kwanza.

Baada ya sala nilirudi nyumbani kutafuta mkasi wangu mdogo ambao Mouna huazima bila kusema. Ndani ya daftari lake la Kifaransa nikakuta karatasi. Mwandiko wake. Nainakili kama ilivyo:

"Jumapili: kuingia maquis. Kubeba: godoro, sahani, kijiko, taa, shuka. Wiki moja. Papa asijue mpaka dakika ya mwisho, atavuruga."

Nikakaa chini sakafuni.

Maquis naijua. Hakuna mtu wa pande hizi za ziwa asiyeijua. Baba yangu mdogo Abdoul aliingia maquis zamani, milimani, upande wa Fizi, kwenda kupigana. Alisema wiki moja. Alikaa miaka kumi na tisa. Alipovuka ziwa na kufika kwetu Kigoma nilikuwa mtoto, na alikuwa amebaki na meno manne. Mpaka anakufa hakulala tena juu ya kitanda. Alilala chini yake, viatu miguuni.

Na sasa Mouna. Miaka kumi na minane. Anayeogopa kombamwiko.

Nani amemwingiza? Nimefikiri sana. Casimir ni mtu wa Baraka. Baraka iko chini ya milima ya Fizi. Sitaki kusema zaidi.

Sikumwambia Zaina, atapiga kelele. Nimechukua hatua ya kwanza: nimeficha viatu vyote vya Mouna. Hakuna anayepanda mlima bila viatu. Nimevificha kila kimoja mahali pake ili asivipate jozi.

Jumamosi, tarehe 24

Nimehamishia cherehani mlangoni. Sio karibu na mlango. Ndani ya mlango. Nashona na kulinda kwa wakati mmoja. Wageni wanaingia kwa kupita chini ya meza.

Zaina aliniuliza kama nina homa. Nilisema nataka mwanga. Akapita mlango wa uani. Nilikuwa nimeusahau huo mlango. Nikautia boriti.

Nilijaribu kumpima Mouna kwa ujanja. Nikamwuliza ana maoni gani kuhusu milima. Akasema jiografia haimsumbui, kinachomsumbua ni hesabu. Nikamwuliza kama kuna mtu amemwahidi kitu. Akasema hapana. Nikamwambia kwamba amani ni jambo zuri na kwamba vijana wengi wamepotea kwa kufuata maneno ya watu wenye ndevu. Aliniangalia. Akaniuliza kama ninamaanisha mwalimu wa fizikia.

Kisha akaomba viatu. Nikasema vimepelekwa kushonwa soli. Vyote? Vyote, nikasema.

Jumapili, tarehe 25

Leo ndiyo ilikuwa siku. Saa tisa mchana Mouna alitoka chumbani amejitwisha godoro, miguu mitupu, sahani mkononi. Akasema, Papa, nina jambo la kukuambia. Nikamwambia najua kila kitu, nimeona karatasi, na haendi popote, labda apite juu ya maiti yangu na ya cherehani.

Akasema wenzake wanamngoja. Nikasema najua wanamngoja. Akasema wote wanaingia, hata Précieuse. Nikasema ndiyo maana. Akasema bila maquis ataanguka. Nikasema na ndani ya maquis wanaanguka zaidi, na hawafufuki.

Alilia. Si kilio cha kelele. Aliweka sahani chini polepole, akarudi chumbani na godoro lake, akafunga mlango. Zaina alikuwa kwa dada yake.

Najisikia vibaya, lakini baba ni baba. Nimemwokoa mtoto. Siku moja atanishukuru.

Jumatatu, tarehe 26

Siku ambayo sitaki kuikumbuka, kwa hiyo naiandika yote.

Saa nne alikuja Mama Bertille, mwalimu wao wa Kifaransa. Mwanamke mwembamba, miwani, mwavuli. Alipita chini ya meza bila kusema kitu, akasimama mbele yangu, akauliza kwa nini Mouna hajaingia maquis.

Nikamtazama. Mwalimu. Nani angedhani. Nikaamua kumchimba taratibu. Nikamwuliza wako wangapi huko. Akasema wasichana kumi na mmoja. Nikamwuliza wana silaha gani. Akatabasamu kidogo, akasema kalamu tu, na maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Nikamwuliza nani anawalisha. Akasema Mama Rosalie. Nikamwuliza kambi iko wapi. Akasema sebuleni kwa Papa Casimir, na akanisifu: wazazi wengi hawaulizi mambo haya, wanaachilia watoto tu.

Sebuleni kwa Casimir.

Nikauliza kwa sauti ndogo, na hiyo maquis, mama, wanafanya nini ndani yake? Mama Bertille akaniambia kama mtu anayemwambia mgeni njia. Wanasoma. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakusanyika nyumba moja, wanalala hapo wiki nzima, wanarudia masomo pamoja, hakuna simu, hakuna kutumwa sokoni. Njo wanaita maquis, kwa sababu wanajificha mbali na dunia. Congo nzima wanaita vile. Papa Mouna, hukujua?

Sikujua. Kigoma hatukuwa na kitu hicho. Kigoma tulikuwa na darasa la saba na fimbo.

Zaina alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amesikia yote. Alikaa chini akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka, akaniambia siku mbili, Papa Mouna, umemupotezea mutoto siku mbili.

Jioni Casimir alikuja. Habari imeshamfika, Kalemie ni ndogo. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Alikaa kwenye benchi akaniambia kwamba mama yake alikuwa na kaka wawili. Wote waliingia ile maquis nyingine. Hakurudi hata mmoja. Alisema watoto walipomwomba sebule alikubali mara moja, alitaka neno hilo nyumbani kwake limaanishe madaftari. Kisha akaaga akaenda.

Angenicheka tu. Ingekuwa afadhali.

Jumanne, tarehe 27

Nimerudisha viatu. Kuvificha ilikuwa rahisi kuliko kuvikumbuka. Kimoja kilikuwa ndani ya pipa la unga. Kimoja juu ya dari. Kiatu cha kushoto cha shule hakijaonekana mpaka mchana, mteja mmoja aliporudisha gauni la Idi akiuliza kama kiatu ni zawadi.

Godoro nimelibeba mwenyewe kichwani, barabara nzima, mpaka kwa Casimir. Muuza mchele akauliza tunahama? Nikaongeza mwendo. Mouna alitembea hatua kumi mbele yangu. Mlangoni alichukua godoro, akasema asante Papa, bila kuniangalia.

Ile asante imenikaa kifuani kama mwiba wa dagaa.

Alhamisi, tarehe 29

Nilijiahidi kutokwenda kuchungulia. Sikuchungulia. Nilikwenda kupima mapazia ya Mama Rosalie, ambayo hakuyaagiza, na dirisha la sebule lilikuwa wazi.

Nilisimama nje na futi shingoni. Précieuse alikuwa anamweleza Mouna hesabu, taratibu, mara ya tatu, mara ya nne, bila kuchoka. Kisha Mouna akamweleza Précieuse Kifaransa. Nikafikiri: wakimsaidia hivi Mouna atafika 90. Ndiyo, nilifikiri hivyo. Naandika ukweli.

Halafu Précieuse akasema baba yake amemwambia juu ya ile ahadi ya "Excellence", na kwamba tangu siku hiyo akifungua daftari anaona kofia ya baba yake. Mouna akasema heri yako, baba yako ameahidi tu kwamba utanishinda. Wangu ameambia soko lote 90. Mama wa vitenge akiniona ananiita Quatre-vingt-dix, Tisini. Akasema hajawahi kupata hata 70 maishani mwake. Akasema nikipata 60 nitakwenda kukaa kwa shangazi kule Nyunzu, sitarudi.

Précieuse akasema mimi hata sketi sina, iko kwa baba yako wiki nzima. Mouna akasema, samahani. Aliomba samahani kwa ajili yangu.

Nikaviringisha futi yangu nikaondoka. Mama Rosalie aliniita kuuliza dirisha lina urefu gani. Nilimwambia sikupima vizuri.

Ijumaa, tarehe 30

Maquis imekwisha leo. Mouna amerudi mchana na godoro lake, amekonda. Aliliweka chini, akakaa juu yake katikati ya nyumba, akasema Jumatatu hatakwenda kwenye mtihani.

Mimi nilifungua mdomo. Zaina alininyooshea kidole kimoja tu, nikaufunga. Zaina akakaa naye juu ya godoro, akamvua kitambaa cha kichwa, akaanza kumfumua nywele, kama zamani Mouna alipokuwa mdogo. Ikapita nusu saa. Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Sindano ilikuwa na uzi tayari.

Kisha Mouna akasema, bila kugeuka, "Papa, mie siogopi mutihani. Naogopa sura yako siku resultat itatoka."

Niliweka sindano chini.

Nimekwenda kibandani. Nimeitoa sketi ya Précieuse chini ya rundo. Nimeweka zipu mpya, nzuri kuliko ile iliyokatika. Nimepiga mshono wa pili ndani, nimeongeza mfuko mdogo wa kalamu, nimeinyoosha kwa pasi mara mbili. Katika miaka thelathini sijashona zipu iliyonyooka namna ile. Nililia kidogo. Hakukuwa na mteja.

Jumamosi, tarehe 31

Hakuna mpango leo. Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya.

Saa mbili, wakati mitumbwi imerudi na ufukwe umejaa akina mama na beseni zao, nilikwenda mpaka kwa Casimir. Alikuwa anahesabu samaki. Nikasimama mbele yake. Nikavua kofia yangu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtumbwi wa mwisho: Bonjour, Excellence.

Casimir akaniambia matokeo hayajatoka, hata mtihani haujafanywa. Nikamwambia mimi nimeshindwa tayari, na ninaomba mtoto wangu asihusishwe na kushindwa kwangu. Nikampa sketi. Nikamwambia ilikaa wiki nzima chini ya rundo, na kwamba niliiweka pale mwenyewe, kwa mikono hii.

Casimir aliigeuza sketi, akaona mshono, akaona mfuko wa kalamu. Kisha akavua kofia yake na yeye. Kichwani ana upara, sikuwahi kujua. Akasema Bonjour, Excellence. Akasema Précieuse usiku anasaga meno usingizini, Rosalie amemwambia sababu ni yeye, na yeye alikuwa anasubiri mimi nianze.

Akina mama wa samaki walicheka sana. Tukacheka na sisi, wazee wawili wenye kofia mkononi.

Nikaenda sokoni. Muuza mchele nikamwambia ile 90 ilikuwa ya mdomo wangu, haikuwa ya Mouna. Mama wa vitenge nikamwambia mtoto ana jina, anaitwa Mouna binti Alfani. Nilipita kibanda kwa kibanda. Imechukua asubuhi yote, maana nilikuwa nimewaambia wengi kuliko nilivyokumbuka.

Nyumbani Zaina alikuwa amesikia kabla sijafika. Jioni Mouna alikula ugali na samaki wawili. Mikia, sio vichwa. Nilihesabu kwa jicho la pembeni.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Amekwenda.

Alitoka chumbani saa kumi na mbili na nusu, shati jeupe, sketi ya bluu, viatu vyote viwili. Nilikuwa nimepanga kumsindikiza mpaka getini na kumsemesha mambo matatu ya maana. Aliniambia Papa, mwisho kwenye kona. Nikasema sawa. Mambo matatu nikayameza.

Précieuse alimngoja kwenye kona. Sketi imemkaa vizuri mno. Walishikana mikono wakaenda. Karibu na mti wa umeme Mouna aligeuka akaniangalia. Nikajitahidi na sura yangu. Sijui nilifanya sura gani. Alicheka, akaendelea na safari.

Nimeshona tangu asubuhi mkono mmoja wa kanzu mara mbili. Namuomba Mungu amtulize tu. Nilianza kuomba na asilimia, nikajizuia.

Alhamisi, tarehe 5

Siku ya nne, ya mwisho. Saa nane tulisikia nyimbo barabarani. Wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho wanashuka, poda nyeupe vichwani, wanaimba. Mouna katikati, sauti imemkauka.

Na shati lake. Ninaandika kama fundi: nilitaka kukaa chini. Ni desturi yao, siku ya mwisho wanaandikiana kwenye mashati. Shati nililolishona mwenyewe, kola ngumu, mishono miwili kwapani, limejaa wino mbele na nyuma. Usinisahau. Mouna docteur. Mtu mmoja ameandika namba ya simu, nimeikariri. Précieuse amechora samaki mwenye miwani.

Lakini upande wa kushoto, juu ya mfuko, pana nafasi ya upana wa kiganja, nyeupe, haina hata nukta. Nikauliza wamepasahau? Mouna akasema hapana. Kila alipokuja mtu na kalamu, yeye alipafunika kwa mkono, akamwambia hapa ni pa Papa. Akanipa kalamu.

Nikaishika. Nimeandika majina ya watu kwenye nguo maisha yangu yote. Leo nilipima nafasi kwa vidole kwanza. Niliandika:

"Mouna, sura yangu ni hii hii, upite usipite. Papa."

Alisoma kwa kulivuta shati mbele, kichwa chini. Akarudia kusoma. Kisha akaniegemea begani na poda yake yote, na mimi nilikuwa najaribu kanzu yangu ya Idi. Sikuikung'uta.

Ijumaa, tarehe 6. Idi

Sala, kisha pilau. Casimir na Rosalie wamekuja na samaki mkubwa ingawa si sikukuu yao. Tumekula sote. Mouna na Précieuse wamecheka mpaka Précieuse akapaliwa. Mouna amekula sahani tatu. Matokeo yatatoka yatakapotoka, hakuna aliyeyataja, na mimi ndiye niliyejivunia zaidi kwamba hakuna aliyeyataja.

Nimemwambia Zaina kwamba somo limeniingia. Mtoto si wa kushindanisha. Amesema tutaona.

Wakati wa chai Casimir alinong'ona kwamba Précieuse naye alimwachia nafasi kwenye shati lake. Nikasema vizuri. Nikakoroga chai. Nikamwuliza, bila sababu yoyote, yeye aliandika nini. Akasema ah, maneno ya baba tu. Mistari mitatu.

Mitatu. Mimi niliandika mmoja.

Wageni wameondoka. Mouna amekwenda na Précieuse ufukweni, watarudi alasiri. Zaina amelala kwa kushiba. Shati la Mouna limetundikwa nyuma ya mlango. Nimelipima. Kutoka mfukoni mpaka kwenye kola kuna sentimita saba, na mimi ninapoandika kwa herufi ndogo huingiza mistari minne bila shida. Minne inatosha. Ila nitabana kidogo ibaki nafasi ya wa tano, maana Casimir ninamjua, ataongeza.